Arosto ikiisha, uraibu bado upo

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alinisimamisha nje ya wodi, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Daktari, mwanangu amepona," aliniambia. "Tumemfungia chumbani siku 12. Alilia, alitapika, alitutukana matusi yote, lakini baba yake hakumfungulia. Sasa anakula, analala, na jana ameamka mwenyewe akafagia uwanja."

Nilimpongeza. Akaniomba nimwandikie vitamini za kumrudishia mwili, nikamwandikia, tukaagana. Sikumuuliza swali hata moja kuhusu wiki inayofuata.

Hazikupita siku 10, kijana yule akakutwa amekufa kwenye pagala. Wenzake walisema alitumia kete 2, kiasi kilekile alichokuwa akitumia kwa mkupuo mmoja kabla ya kufungiwa. Alizitumia hivyo kwa zaidi ya mwaka na akabaki hai. Safari hii zilimuua.

Namkumbuka kijana yule kila ninapopokea swali ambalo wazazi hawachoki kuliuliza: "Nimfungie siku ngapi?" Wengine huuliza kama akipelekwa kijijini kwa bibi yake miezi 2 ataacha. Jibu langu ni moja, na naomba mzazi mwenzangu ulisome bila kunikasirikia. Kumfungia mtoto anayetumia heroini mpaka arosto iishe, kisha kumrudisha mtaani bila matibabu yoyote, kunamsogeza karibu na kifo kuliko alivyokuwa kabla hujafunga mlango.

Kwa nini kiasi kilekile kinaua

Heroini, ambayo mitaani inaitwa unga, hutengenezwa kutokana na morfini. Pamoja na kuleta ile raha inayotafutwa, hukandamiza sehemu ya ubongo inayoendesha upumuaji. Anayekufa kwa kuzidisha hufa kwa kukosa pumzi. Anasinzia, anakoroma, pumzi zinapungua, kisha zinakoma.

Mtu anapotumia kila siku, ubongo hujizoesha. Kiasi kilichomlewesha mwezi wa kwanza, mwezi wa sita hakimfanyi chochote, inabidi aongeze. Baada ya mwaka anatumia kiasi ambacho kingemuua mgeni, naye anakitumia ili tu asiumwe na aweze kusimama.

Mazoea hayo huchukua miezi kujengeka, lakini hubomoka haraka. Siku chache bila unga zinatosha kuanza kuyapunguza, na baada ya wiki 2 au 3 mwili unakaribia kuwa mwili wa mgeni. Kichwa lakini hakijasahau. Kijana anajua alikuwa mtu wa kete 2, ananunua kete 2. Tena mara nyingi anatumia peke yake, kwa kujificha, kwa sababu nyumbani wote wanaamini ameacha na hataki kuwavunja moyo. Hakuna wa kumwamsha.

Hili halitokei kwa waliofungiwa nyumbani tu. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba wiki za mwanzo baada ya kutoka gerezani ndizo zenye vifo vingi zaidi kwa watumiaji wa heroini, na hatari hiyohiyo ipo kwa waliotoka kwenye vituo vya kuondoa sumu mwilini bila kuendelea na tiba. Chumba chenye kufuli, kijiji cha mbali, mahabusu na nyumba ya maombi yenye minyororo havifanani machoni petu. Kwa mwili wa mraibu vinafanana: vyote vinamwondolea mazoea, na hakuna hata kimoja kinachomwondolea kiu.

Arosto ni nini

Wazazi wengi wanaamini arosto ndiyo ugonjwa wenyewe, hivyo ikiisha mtoto amepona. Tuielewe vizuri.

Saa 8 hadi 12 baada ya kutumia kwa mara ya mwisho, mraibu wa heroini huanza kupiga miayo, kutokwa na makamasi na machozi na kutoka jasho, huku vinyweleo vikisimama. Kisha hufuata maumivu ya mifupa na misuli, tumbo kukata, kutapika, kuharisha na kukosa usingizi. Siku ya 2 na ya 3 ndizo mbaya zaidi. Kwa wengi, baada ya wiki moja au siku 10 mateso makubwa huwa yamepita.

Kinachobaki baada ya hapo hakionekani kwa macho. Usingizi unaweza kuharibika kwa wiki nyingi, moyo unakuwa mzito, hakuna kinachompendeza, na kiu ya unga inaamka ghafla. Anapita kijiwe cha zamani, anakutana na rafiki wa zamani, au anapata hela mfukoni siku ya mshahara, na mwili mzima unaita. Uraibu umebadilisha namna ubongo unavyofanya kazi, na mabadiliko hayo hayafutiki kwa siku 12. Ndiyo maana madaktari wanauita ugonjwa sugu unaoweza kurudi, na wanautibu kwa muda mrefu kama wanavyotibu kisukari na shinikizo la damu.

Hapa niweke onyo kubwa kwa anayefikiria kufunga mlango leo usiku. Arosto ya heroini peke yake kwa kawaida haiui mtu mwenye afya, ingawa kuharisha na kutapika bila kupata maji kunaweza kumuua aliyedhoofika. Lakini mtu aliyezoea pombe kali kila siku, au vidonge vya usingizi kama valiamu, akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa na kufa. Wengi wanaotumia unga huchanganya na vitu hivyo, na wewe mzazi huna njia ya kujua vyote alivyotumia. Huyo anahitaji hospitali. Vilevile mjamzito anayetumia heroini hatakiwi kuacha kwa ghafla nyumbani, kwa sababu arosto inaweza kusababisha mimba kutoka au mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Yeye ndiye wa kuwahishwa kliniki mapema kuliko wote.

Dawa ipo, na haiuzwi

Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa tiba ya methadoni kwa waraibu wa heroini. Tangu wakati huo huduma imesambaa. Jijini Dar es Salaam ipo pia hospitali za Mwananyamala na Temeke. Ipo Bagamoyo, ipo Tanga katika Hospitali ya Bombo, ipo Mwanza katika Hospitali ya Sekou Toure, ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na Dodoma ipo Itega chini ya Hospitali ya Mirembe. Zanzibar inatolewa Kidongo Chekundu. Dawa hutolewa bila malipo.

Bado nakutana na familia iliyouza kiwanja kumpeleka mtoto kwa mganga, ikauza na ng'ombe kumlipia kituo binafsi, na haijawahi kusikia neno methadoni.

Methadoni ni dawa ya maji inayonywewa mbele ya mhudumu mara moja kwa siku. Ipo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu mwaka 2005. Inakaa kwenye sehemu zilezile za ubongo ambazo heroini hukaa, lakini inaingia taratibu na kudumu kwa saa 24 au zaidi. Heroini inapanda kwa dakika na kushuka kwa saa chache, ndiyo maana mraibu anaitafuta mara 3 au 4 kwa siku. Aliyefika kwenye dozi yake sahihi ya methadoni halewi na haumwi arosto. Anaamka asubuhi, anakunywa dawa, na siku yote iliyobaki ni yake. Anaweza kubeba zege, kushona, kurudi chuo au kulea mtoto.

Dozi huanza ndogo na kupandishwa kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Wazazi lazima walijue hili, kwa sababu wiki 2 za mwanzo kijana bado anasikia arosto kwa mbali na anashawishika kuongezea unga juu ya dawa. Kipindi hicho ni cha hatari. Unga, pombe au valiamu juu ya methadoni vinaweza kuzima pumzi. Mwambie avumilie, na asubuhi amweleze mhudumu kwamba dozi haijamtosha. Kuongezewa dozi ni haki yake kama mwili unahitaji, na anayejua kiasi ni daktari.

Akikosa dozi siku 3 au zaidi mfululizo, asirudie kiwango cha zamani kimyakimya. Aseme ukweli dirishani, maana dozi itabidi ishushwe kwanza. Na kama ana kifua kikuu au anatumia dawa za kufubaza virusi vya ukimwi, awaeleze madaktari wa pande zote mbili. Rifampisini ya kifua kikuu, na efavirenzi kati ya dawa za ukimwi, huifanya methadoni iishe haraka mwilini, na mgonjwa akaanza kuumwa arosto bila kujua kwa nini. Wengine wameacha kliniki wakidhani dawa imekataa, kumbe dozi ilihitaji kurekebishwa tu.

"Si ni kubadilisha unga kwa unga?"

Swali hili naulizwa na wazazi, viongozi wa dini, hata wauguzi wenzetu. Ni swali la haki. Methadoni nayo ni dawa ya kundi lilelile, na anayeiacha ghafla ataumwa arosto, tena ndefu.

Jibu langu ni kumtazama mtu, si kopo la dawa. Anayetumia unga hajui alichonunua kimechanganywa na nini, anatafuta hela kwa njia yoyote, anachangia sindano, na kila siku anaweza kufa. Anayetumia methadoni anapewa kipimo kinachojulikana na mtu mwenye leseni, kwa mdomo, bila sindano, na hapohapo kliniki anapimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini na kifua kikuu. Hana haja ya kuiba sufuria ya mama yake.

Takwimu nazo zinasema. Mwaka 2017 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi uliojumlisha watu zaidi ya 120,000 waliotibiwa kwa methadoni katika nchi mbalimbali. Wakiwa kwenye matibabu, walikufa takriban 11 kati ya kila 1,000 kwa mwaka. Wakiwa wametoka kwenye matibabu, walikufa 36. Kukaa kwenye dawa kulipunguza vifo kufikia theluthi moja hivi.

Kwa hiyo ukisikia jirani anasema, "Huyo bado teja, si anakunywa dawa kila siku," muulize kama anamwita hivyo na mwenye kisukari anayejidunga insulini kila asubuhi. Na wewe mzazi usimharakishe aache methadoni kwa aibu. Wengine hukaa miaka 2, wengine zaidi ya 10. Kuacha kunawezekana, kwa kushusha dozi polepole chini ya daktari, maisha yakiwa yameshatulia. Kuacha kwa sababu shangazi anakuja likizo ndiko kunakorudisha watu mtaani.

Pa kuanzia kesho asubuhi

Kama mwanao anatumia heroini, usisubiri akubali kila kitu ndipo umsaidie. Subiri saa ambayo hajalewa na hana arosto kali, mkae wawili, bila wajomba 8 wa kumhukumu. Mwambie unachokiona na unachokiogopa. "Mwanangu, naogopa nitaletewa taarifa yako usiku," inafika mbali kuliko matusi. Kisha mwambie kuna dawa, na utamsindikiza.

Pili, nenda kliniki iliyo karibu ukiwa peke yako kama yeye bado anasita. Uliza utaratibu wa kumwandikisha. Mara nyingi kuna asasi za kijamii zinazofanya kazi vijiweni na kuwaleta waraibu kliniki, zikiwa na watu ambao wenyewe walikuwa watumiaji. Hao wanajua kuzungumza naye kuliko mimi na wewe. Kabla ya kuanza dawa atahojiwa, atapimwa, na ataombwa kuja na ndugu wa kumsimamia. Kuwa ndugu huyo.

Tatu, kama hujui uanzie wapi, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya simu ya bure, 119. Piga uulize huduma ya tiba iliyo karibu nawe.

Nne, usiwasahau mabinti. Wavulana wanaonekana vijiweni, wasichana wanafichwa ndani au wanaishia kwenye vyumba vya wanaume wanaowapa unga. Kliniki ukiingia utaona foleni ya wanaume, na hiyo haimaanishi wanawake hawaumwi. Kama ni binti yako, msindikize mwenyewe ili asipite peke yake katikati ya foleni ile.

Jambo jingine: methadoni hutibu uraibu wa heroini na dawa za kundi lake tu. Haitibu bangi, pombe, mirungi wala kokeini. Kwa hivyo unahitaji ushauri nasaha, kliniki ya afya ya akili, na kwa pombe pengine kulazwa. Anzia hospitali ya wilaya au ya mkoa yenye huduma ya afya ya akili. Na kijana anayesikia sauti au kuona watu wasiokuwepo baada ya kuvuta bangi asipelekwe kwa mganga kwanza. Kila wiki anayochelewa inamgharimu.

Ukitaka kumpeleka soba

Nyumba za upataji nafuu, tunazoziita soba, zimesaidia watu wengi, Bara na Zanzibar. Zinamtoa mtu kijiweni, zinampa ratiba, na zinamkutanisha na waliopita njia hiyohiyo. Nimeona vijana walioingia wakibebwa wakatoka wakisimama, na baadhi yao leo ndio wanaoziendesha. Sizipingi.

Lakini hazilingani. Kabla hujalipa hata shilingi, nenda bila kutoa taarifa, ukaulize haya. Je, imesajiliwa, na cheti kipo? Ni mtaalamu gani wa afya anayekuja kuwaona wagonjwa, na siku zipi? Mtu akiingia na arosto, au akiwa mlevi wa pombe, wanafanya nini usiku wa kwanza? Je, naweza kuongea na mwanangu faragha? Adhabu zao ni zipi? Mwenye dawa za ukimwi au kifua kikuu anaendelea nazo? Gharama ni kiasi gani kwa mwezi, na inajumuisha nini?

Ukiona minyororo, fimbo au mlango unaofungwa kwa nje usiku, ondoka na mwanao. Moto ukitokea hapo hakuna atakayetoka.

Swali la mwisho ndilo ambalo sikumuuliza mama yule: akitoka hapa, siku inayofuata kuna nini? Nyumba nzuri itakujibu kwa majina na siku: vikao vya kila wiki, mtu wa kumpigia, rufaa ya kliniki ya methadoni kama kiu ikirudi. Nyumba itakayokujibu, "Akitoka hapa amepona, mzazi usijali," haijakujibu.

Akianguka tena

Wengi huanguka. Naomba ulisikie hili kabla halijatokea, ili likitokea usimfukuze nyumbani kwa hasira. Kurudia kutumia ni dalili kwamba matibabu yanahitaji kubadilishwa au kuongezwa, kama sukari inavyopanda kwa mgonjwa aliyekuwa ametulia. Weka mipaka, ndiyo. Ficha hela, funga kabati, mkatalie kuleta wenzake. Ila mlango wa kuomba msaada uwe wazi, na ajue kwamba akikwambia ukweli hutampiga.

Na kila mtu nyumbani, hata mdogo wake wa miaka 14, ajue dalili za aliyezidisha: haamki ukimwita na kumtikisa, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, anakoroma isivyo kawaida, pumzi zinakuja kwa nadra, midomo na kucha vinageuka bluu au kijivu. Msugue kwa nguvu katikati ya kifua kwa vifundo vya ngumi. Asipoamka, mtu mmoja atafute usafiri wa kwenda hospitali papo hapo. Kama hapumui au anapumua kwa shida, mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi mdomoni, moja kila sekunde 5. Kama anapumua, mlaze ubavu asipaliwe na matapishi. Usimnyweshe maziwa, usimmwagie ndoo za maji ukidhani unamtibu, na usiseme "mwache alale itamtoka." Wengi walioachwa walale hawakuamka.

Hospitali ipo dawa iitwayo naloksoni, inayoweza kurudisha pumzi ndani ya dakika chache. Nguvu yake huisha kabla ya ile ya unga, kwa hiyo hata akiamka na kudai kurudi nyumbani, akae chini ya uangalizi. Waeleze wahudumu ametumia nini. Ukificha kwa aibu, unawapotezea muda ambao mwanao hana.

Kwa wenye mamlaka

Sitamaliza kwa kuwabebesha wazazi peke yao. Mgonjwa wa methadoni anayeishi pembezoni mwa jiji anapanda daladala 2 kwenda na 2 kurudi, kila siku, Jumapili na sikukuu. Tunamtaka apate kazi, lakini mwajiri gani atamvumilia anayefika saa 4 kila asubuhi? Wengi walioacha dawa hawakuacha kwa kupenda unga, waliacha kwa kukosa nauli. Dirisha la kunywea dozi linaweza kusogezwa kwenye vituo vya afya vya kata, na mgonjwa aliyetulia muda mrefu apewe dozi za siku kadhaa za kubeba, kwa uangalizi. Fedha hiyo si kubwa ukilinganisha na gharama ya kumweka mtu gerezani au kumtibu ukimwi maisha yake yote.

Naloksoni nayo isiishie kabatini hospitalini. WHO ilipendekeza tangu mwaka 2014 kwamba watu wanaoweza kumshuhudia aliyezidisha waweze kuipata na wafundishwe kuitumia. Wahudumu wa afya ya jamii, wasimamizi wa soba na watu wa asasi wanaopita vijiweni wangekuwa wa kwanza. Na anayetoka gerezani akiwa na historia ya heroini apewe miadi ya kliniki kabla ya kupewa nauli ya kurudi nyumbani.

Nasi wahudumu tujirekebishe. Mgonjwa akifika dirishani ananuka na amevaa nguo chafu, tunamfanya wa mwisho, tunaita walinzi. Akiondoka hatarudi, na safari yake inayofuata inaweza kuwa ya chumba cha maiti.

Mama yule nilikutana naye tena, msibani. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Daktari, kumbe kulikuwa na dawa?" Nilimjibu ndiyo, mama, ilikuwepo, na kliniki haikuwa mbali na kwao. Nilipaswa kumwambia siku ile nje ya wodi, badala ya kumwandikia vitamini. Leo nimekwambia wewe. Kama nyumbani kwako kuna chumba kilichofungwa, kifungue, mpe maji, na kesho asubuhi mpelekeni kliniki.